Maarifa Yasiyopotea: Matumizi ya Programu za Madokezo kwa Watoa Huduma za Afya na Wagonjwa wa Ufipa

Utangulizi

Mjini Sumbawanga ipo hospitali yenye jina la Dkt. Atiman. Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 katika nchi za mto Niger, jirani na Timbuktu. Alitekwa angali mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari nchini Algeria, kisha akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni Mkoa wa Katavi. Huko alitibu watu kwa zaidi ya miaka sitini, hadi alipofariki mwaka 1956. Mwaka 1946 kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na kwa sababu hiyo msomaji wa leo anaweza kumsikia akijieleza mwenyewe.

Hata hivyo, miaka sitini ya kutibu ni mingi kuliko kurasa za jarida moja. Tabibu yeyote aliyekaa na wagonjwa kwa muda mrefu hujua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote: namna watu wa kijiji fulani wanavyoieleza homa, msimu ambao kuhara huongezeka, njia isiyopitika gari wakati wa masika. Asipoyaandika, huondoka nayo. Wala si lazima afe. Uhamisho pekee unatosha. Muuguzi aliyehudumu miaka minane katika zahanati moja ya Nkasi akihamishiwa Kalambo, anayempokea huanza kujifunza upya yale ambayo mwenzake aliyajua jana.

Somo hili linahusu njia mojawapo ya kuzuia hasara hiyo: utunzaji wa maarifa binafsi kwa kutumia programu za madokezo zilizomo katika simu na kompyuta. Limeandikwa kwa ajili ya watoa huduma wa ngazi zote, kuanzia mhudumu wa afya ngazi ya jamii hadi daktari, na pia kwa wagonjwa na wale wanaowauguza nyumbani.

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze:
- kutofautisha rekodi ya mgonjwa, dokezo binafsi na maarifa;
- kuandika dokezo lenye chanzo na tarehe, linaloweza kuaminiwa baada ya mwaka mmoja;
- kuchagua programu inayofaa mahali ambapo umeme na intaneti si vya uhakika;
- kulinda siri ya mgonjwa katika kila anachokiandika.

Kichwa hakitoshi, na daftari la zamani halitoshi

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani alichobaki nacho baada ya muda. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya alichokikariri ilipotea ndani ya siku moja, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana huimarisha kumbukumbu. Kila aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya siku tatu mjini, akarudi kituoni na kukutana na foleni ya wagonjwa, anaujua ukweli huo bila kusoma kitabu.

Kwa hiyo watu huandika. Lakini maandishi nayo yana hatari yake, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu haionekani. Mfano wa artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, unatosha kuionyesha. Kwa miaka kadhaa kipimo kilichopendekezwa kilikuwa miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, kwa watoto na watu wazima sawasawa. Baadaye ilibainika kuwa kwa kipimo hicho watoto wadogo hupata dawa kidogo mwilini kuliko watu wazima. Hivyo, katika mwongozo wake wa malaria wa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilipandisha kipimo cha watoto wenye uzito chini ya kilo 20 hadi miligramu 3 kwa kila kilo.

Chukulia kwamba tabibu mmoja aliandika kipimo cha zamani katika daftari lake zuri lenye jalada gumu, bila kuandika tarehe wala chanzo. Daftari halimwambii kuwa limezeeka. Usiku analetewa mtoto wa kilo 10 anayetetemeka na asiyejitambua. Kwa daftari hilo atampa miligramu 24 badala ya 30, yaani mtoto atapungukiwa na sehemu moja ya tano ya dawa anayoihitaji, tena katika kila sindano. Tabibu huyo si mzembe. Alihudhuria mafunzo, akaandika, akalitunza daftari. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuyahakiki maarifa yake. Hilo ndilo jambo kuu la somo hili: kutunza maarifa ni kuyaweka hai, na kuyaweka akiba ni sehemu tu ya kazi hiyo.

Rekodi, dokezo na maarifa

Maneno haya matatu huchanganywa mara nyingi, na mchanganyiko huo huleta madhara.

Rekodi ni mali ya mgonjwa na ya kituo. Jalada la mgonjwa, kadi ya kliniki ya mama na mtoto, na rejesta za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ni rekodi. Zina mahali pake na sheria zake. Programu ya madokezo iliyo katika simu ya mtu binafsi haichukui nafasi ya rekodi hata moja kati ya hizo.

Dokezo ni andiko fupi la mtu mwenyewe juu ya jambo alilojifunza: kipimo cha dawa, dalili ya hatari, hatua za kupiga simu ya rufaa, neno ambalo wenyeji hulitumia kwa ugonjwa fulani. Dokezo halimhusu mgonjwa mmoja kwa jina lake. Linahusu jambo linaloweza kurudi kwa mgonjwa mwingine.

Maarifa huzaliwa pale madokezo yanapokutana. Dokezo moja kuhusu homa ni habari. Madokezo kumi yaliyounganishwa kuhusu homa, mwinuko wa mahali, msimu na safari za watu yanaweza kumfanya mtoa huduma aulize swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

Hatua nne za kutunza maarifa

Hatua ya kwanza ni kunasa. Jambo jipya linaandikwa papo hapo, hata kwa maneno machache. Programu nyingi huruhusu pia kurekodi sauti au kupiga picha ukurasa wa kitabu. Katika hatua hii uzuri wa lugha hauna haja. Haja ni kwamba jambo lisipotee kabla ya jioni.

Hatua ya pili ni kuchakata. Siku hiyohiyo au mwishoni mwa wiki, mwandishi hulirudia jambo hilo na kuliandika upya kwa maneno yake mwenyewe. Kunakili mwongozo neno kwa neno hakufundishi sana. Kueleza kwa maneno yako hukulazimisha kuelewa. Kila dokezo libebe wazo moja tu, lipewe kichwa kinachoeleweka, na liwe na vitu viwili visivyosahaulika: chanzo na tarehe ya kuhakikiwa.

Hatua ya tatu ni kuunganisha. Programu nyingi za sasa huwezesha dokezo moja kuelekeza kwa jingine kwa kiungo, au kupewa lebo kama vile «watoto», «uzazi» au «rufaa». Mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, alifanya kazi hii kwa kadi za karatasi. Aliacha kadi zipatazo 90,000, kila moja ikiwa na namba inayoielekeza kwa nyingine, na kutokana nazo aliandika vitabu vingi. Programu za madokezo zimerahisisha kazi ya mkono, lakini kazi ya kufikiri ni ileile: kujiuliza, «Jambo hili linahusiana na lipi ninalolijua tayari?»

Hatua ya nne ni kurejea. Mara moja kwa mwezi, pengine siku ile ile ya kufunga taarifa za mwezi, mtoa huduma huyapitia madokezo yake machache. Yaliyopitwa na wakati husahihishwa au hufutwa, na yanayohusu dozi hulinganishwa na toleo jipya la mwongozo wa taifa wa matibabu. Kurejea huku hufanya kazi mbili kwa pamoja: huhakiki maandishi, na huimarisha kumbukumbu ya kichwani kwa njia aliyoionyesha Ebbinghaus.

Mfano wa dokezo

Dokezo lifuatalo linaonyesha umbo linalopendekezwa.

Kichwa: Artesuneti ya sindano katika malaria kali: kipimo kwa uzito.
Kiini: Mtoto chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo. Kilo 20 na zaidi, miligramu 2.4 kwa kila kilo. Sindano ya kwanza hutolewa mara tu anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha moja kila siku hadi aweze kumeza. Akiweza kumeza, apewe dozi kamili ya dawa mseto ya malaria.
Tahadhari: Kituo kisichoweza kuendelea na matibabu kitoe sindano ya kwanza, kisha kitoe rufaa bila kuchelewa.
Chanzo: Mwongozo wa malaria wa Shirika la Afya Duniani, 2015, umelinganishwa na mwongozo wa taifa uliopo kituoni.
Imehakikiwa: tarehe, mwezi na mwaka.
Ihakikiwe tena: baada ya miezi sita.
Viungo: Dalili za hatari kwa mtoto, Namba za gari la wagonjwa, Kupima sukari kwa mtoto asiyejitambua.

Dokezo hili ni fupi, linasomeka kwa mwanga wa simu saa nane za usiku, na linamwambia msomaji wake mambo matatu: nini cha kufanya, limetoka wapi, na lini liache kuaminiwa bila kuhakikiwa. Kiungo cha mwisho kina thamani ya pekee. Mtoto mwenye malaria kali anaweza pia kuwa ameishiwa sukari mwilini, na mtoa huduma aliyechoka anaweza kulisahau jambo hilo. Dokezo lililounganishwa humkumbusha asilolitafuta.

Madokezo yanapokutana: Burkitt na ramani yake

Historia ya tiba ya Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa nguvu ya madokezo yaliyokusanywa pamoja. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwona mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote. Muda mfupi baadaye aliona mtoto mwingine mwenye hali kama hiyo katika hospitali nyingine. Mgonjwa wa kwanza angeweza kusahauliwa. Wawili walimfanya apekue majalada. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya saratani hiyo, ambayo leo huitwa kwa jina lake.

Hakuishia hapo. Alituma karatasi zenye picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika, akawa anaweka alama kwenye ramani kila alipojibiwa kuwa ugonjwa huo umeonekana. Kisha, mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi, safari ya wiki kumi hivi, wakiingia hospitali hadi hospitali na kuuliza. Madokezo yao yalipowekwa pamoja, mchoro ulijitokeza: karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa nadra mahali palipo juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kikomo hicho kilishuka kadiri walivyokwenda kusini. Mtaalamu wa virusi Alexander Haddow, aliyefanya kazi Entebbe, alisaidia kueleza kuwa kilichohusika ni joto la mahali, na mwinuko ulikuwa alama yake tu. Mjadala huo uliwaelekeza watafiti kwenye malaria, na vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London ndivyo vilivyowezesha kirusi cha Epstein-Barr kugunduliwa mwaka 1964.

Mtoa huduma wa Rukwa ana sababu ya pekee ya kuikumbuka habari hii. Mji wa Sumbawanga uko juu ya mita 1,700, chini ya milima ya Mbizi, penye baridi inayohitaji koti. Upande wa mashariki nyanda huporomoka hadi Bonde la Ziwa Rukwa, na upande wa magharibi hadi Ziwa Tanganyika, ambako uso wa maji uko chini kidogo ya mita 800. Watu hawakai mahali pamoja. Huteremka bondeni kulima mpunga, huenda ziwani kuvua na kununua samaki, kisha hurudi juu. Malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi homa kuanza. Hivyo mtu anaweza kuambukizwa bondeni na kuugua akiwa tayari nyumbani kwake penye baridi. Tena, aliyekulia mahali penye mbu wachache huwa na kinga ndogo, na ugonjwa unaweza kumlemea haraka.

Mtoa huduma wa nyandani mwenye madokezo yanayobeba lebo za «bonde», «ziwa» na «nyanda» hatakuwa Burkitt, wala hahitaji kuwa. Lakini akiona kwamba homa kali alizoandika katika miezi fulani zimetoka kwa watu walioteremka bondeni, swali lake la kwanza kwa mgonjwa mwenye homa litabadilika. Badala ya kuanza na «Unaumwa nini?» pekee, ataongeza: «Wiki tatu hizi ulikuwa wapi?» Swali hilo moja linaweza kuokoa maisha.

Kuchagua programu

Hakuna programu iliyo bora kwa kila mtu. Kuna masharti matano ambayo mtoa huduma wa kijijini angefaa kuyatanguliza kabla ya sura nzuri na matangazo.

Kwanza, ifanye kazi bila intaneti. Bando huisha, mtandao hupotea, na mgonjwa hasubiri. Programu inayohitaji mtandao ili kufungua dokezo haifai kuwa tegemeo la chumba cha kujifungulia. Pili, itafute haraka kwa neno moja. Tatu, iruhusu kutoa maandishi yote na kuyahamishia kwingine. Maarifa ya miaka kumi yasifungwe ndani ya kampuni moja. Nne, ifungwe kwa nenosiri au alama ya kidole. Tano, iruhusu kuweka nakala rudufu, kwa kuwa simu huanguka, huloa na huibwa.

Google Keep ni nyepesi na hupokea sauti na picha. Inafaa sana kwa hatua ya kunasa. Joplin ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na madokezo yanaweza kulindwa kwa usimbaji fiche yanaposawazishwa kati ya simu na kompyuta. Obsidian, iliyotolewa mwaka 2020, huhifadhi kila dokezo kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya kifaa chenyewe, na ina nguvu katika kuunganisha. OneNote ya Microsoft hufanana na daftari lenye sehemu na kurasa, na wengi waliopitia vyuoni wameizoea. Anayeanza achague moja tu na akae nayo miezi mitatu. Kuhamahama kati ya programu ni kazi inayofanana na kujifunza, lakini haifundishi kitu.

Mwenye kitochi hajaachwa nje. Hatua nne zilizoelezwa hapo juu zinafanyika pia kwa daftari la karatasi: kurasa zipewe namba, kurasa mbili za mwanzo ziachwe kwa orodha ya yaliyomo, na kila andiko libebe chanzo na tarehe. Programu huongeza kasi tu. Nidhamu ndiyo inayobeba kazi.

Upande wa mgonjwa

Mgonjwa wa maradhi ya kudumu huonana na mtoa huduma dakika chache kwa mwezi. Siku nyingine zote anaishi na ugonjwa peke yake. Kwa maana hiyo yeye ndiye mwenye habari nyingi zaidi kuhusu mwili wake, ila habari hizo hazifiki kliniki. Aliyetoka Wampembe au Kirando, akasafiri kutwa nzima hadi Sumbawanga, akifika mbele ya daktari husahau nusu ya aliyokusudia kuyasema.

Dokezo moja katika simu linatosha kuanzia. Liwe na sehemu nne: majina ya dawa na nguvu zake kama zilivyoandikwa kwenye pakiti, dawa iliyowahi kumdhuru, vipimo na tarehe zake, na maswali ya kuuliza safari ijayo. Mwenye shinikizo la damu aandike kila kipimo anachopimwa, popote alipopimiwa, pamoja na siku alizokosa dawa na sababu yake. Sababu ni muhimu kuliko lawama. «Dawa ziliisha kabla ya tarehe» na «nilizunguzwa nikaacha» ni matatizo mawili tofauti yenye majibu mawili tofauti, na daktari asiyeambiwa huongeza dozi bure.

Kwa kifafa, mwenye kumwuguza mgonjwa ndiye shahidi, kwa maana mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Aandike tarehe, saa degedege lilipoanza na lilipoisha, upande wa mwili uliotangulia kutikisika, na kama dawa zilinywewa siku hiyo. Picha ya video ya muda mfupi humsaidia sana daktari, mradi ipigwe baada ya kumweka mgonjwa salama, ionyeshwe kwa mtoa huduma peke yake, na mgonjwa aridhie itunzwe. Degedege likizidi dakika tano, simu itumike kuita msaada, kuandika kutasubiri.

Mama mjamzito anaweza kupiga picha kila ukurasa wa kadi yake baada ya kila hudhurio. Kadi halisi hubaki kuwa rekodi, na ni lazima aje nayo. Picha ni akiba pale kadi inapoloa mtumbwini au kupotea njiani. Katika dokezo lake aandike pia dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, degedege, homa, na mtoto kupunguza kucheza tumboni.

Siri ya mgonjwa

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chini ya sheria hiyo, taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Hata kabla ya sheria, kiapo na heshima ya kazi viliyataka yaleyale.

Kwa hiyo dokezo binafsi la mtoa huduma lisiwe na jina la mgonjwa, namba yake ya simu, namba ya jalada wala picha ya uso wake. Lakini kuondoa jina hakutoshi. Katika kijiji kidogo, «mama wa mapacha wa karibu na mashine ya kusaga» ni jina kamili. Funzo likishatolewa kwa mgonjwa, maelezo yanayomtambulisha yabaki kituoni katika jalada lake. Badala ya kuandika habari ya mtu, mtoa huduma aandike jambo: «Mama mwenye kichwa kikali baada ya kujifungua: pima shinikizo hata kama ujauzito wote lilikuwa la kawaida.»

Ipo pia hali ya nyumbani. Simu nyingi hutumiwa na watu zaidi ya mmoja; mtoto huichukua kucheza, shemeji huiazima kupiga. Programu ifungwe kwa nenosiri lake yenyewe, mbali na lile la simu. Picha za rejesta zisipigwe wala kutumwa katika makundi ya mawasiliano. Mgonjwa naye ana haki ya kuchagua nani alione dokezo lake, hasa katika maradhi ambayo bado yanabeba unyanyapaa, kama kifua kikuu, VVU na kifafa.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kukusanya bila kusoma tena. Simu yenye picha mia nne za kurasa za miongozo ni ghala lenye giza. Mwenye ghala anajua kuna nafaka, lakini hajui iko gunia gani. Kosa la pili ni kuandika dozi kwa kusikia. Kipimo cha dawa kilichopatikana kwa mazungumzo kibaki na alama ya «hakijahakikiwa» hadi kilinganishwe na mwongozo. Kosa la tatu ni kutumia dokezo kama amri. Dokezo husaidia kufikiri. Mgonjwa aliye mbele ndiye wa kuchunguzwa. Kosa la nne ni uchoyo. Madokezo yasiyo na taarifa za wagonjwa ni vema yagawiwe kwa wenzake, hasa mtu anapohama. Kabla ya kukabidhi funguo za zahanati, anayeondoka akabidhi pia madokezo yake kuhusu njia, misimu, istilahi za wenyeji na watu wa kupigiwa simu usiku.

Hitimisho

Programu ya madokezo ni chombo kidogo. Haiponyi homa wala haileti gari la wagonjwa. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba jambo lililojifunzwa kwa taabu, pengine kwa msiba, halijifunzwi tena kwa taabu ileile na mtu mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maarifa nayo ni mali, na mwenye kuyahitaji zaidi ni yule mtoto wa kilo 10 atakayeletwa usiku kwa mtoa huduma ambaye hajawahi kumwona.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya rekodi ya mgonjwa na dokezo binafsi. Kwa nini la pili haliwezi kuchukua nafasi ya la kwanza?
2. Mtoto mwenye malaria kali ana uzito wa kilo 14. Kokotoa kipimo cha sindano moja ya artesuneti kwa kipimo cha zamani na kwa kipimo cha mwaka 2015, kisha utaje tofauti.
3. Taja vitu viwili ambavyo dokezo lolote linalohusu dawa halipaswi kukosa.
4. Andika upya dokezo hili ili lisimtambulishe mgonjwa: «Mzee fundi baiskeli wa sokoni aliacha dawa za shinikizo kwa sababu zilimzungusha.»
5. Mkazi wa nyandani ana homa. Ni swali gani kuhusu safari litamsaidia mtoa huduma, na kwa nini muda wa siku saba au zaidi una maana?

Jibu la swali la 2: miligramu 33.6 kwa kipimo cha zamani na miligramu 42 kwa kipimo kipya. Tofauti ni miligramu 8.4.